Shanga Mbili, Moyo Mmoja

Mlango wa Bi Atuganile ulimtazama Shangazi Subilaga, ukafikiri kidogo, kisha ukamkataa.

"Samahani, Subilaga Mwaipopo," ulisema kwa sauti tamu ya kike, sauti ya mtangazaji anayesoma taarifa za misiba huku andazi liko shavuni. "Hapa hukaribishwi."

Shangazi alikuwa na chupa ya uji mkono mmoja na beseni la kuogeshea wagonjwa mkono wa pili. Akageuka kutazama nyuma, kana kwamba kuna Subilaga Mwaipopo mwingine aliyekuja na vyombo vyake. Nyuma alikuwapo Tusekile tu, mtoto wa kaka yake, na ndoo ya maji ya moto.

Tusekile akacheka. Binti huyu alicheka kwanza, akauliza baadaye. Hata jina lake kwa Kinyakyusa lina maana ya kwamba tumefurahi, kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia.

"Shangazi, umemkosea nini mlango wa watu? Ulimpa salamu ya jioni asubuhi?"

"Uambie mimi ndiye."

"Unajua ni wewe. Ndiyo maana umekukataa."

Milango ya Lugombo haikuwa na funguo tangu Tusekile yuko darasa la pili. Ilikuwa na akili, jambo ambalo ni baya zaidi. Ilisoma ushanga mweusi, mdogo kama punje ya pilipili manga, uliofungwa kwenye kifundo cha mkono wa kila mkazi, na ikajua nani aingie na nani abaki kwenye ukungu. Ushanga huohuo ulipima joto la mwili, mapigo ya moyo, hatua na usingizi, ukapeleka habari zote Kituo cha Mafungamano. Ndilo jina la serikali. Watu waliiita mashine ya pale Mmbea, kwa sababu kazi yake ilikuwa moja: kutazama nani anafuatana na nini, na kusema.

Dirisha likafunguka kidogo. Ikupa, mkaza mwana wa Bi Atuganile, akachungulia. Macho yalikuwa mekundu.

"Shangazi, si sisi. Mlango umeambiwa na Kituo tangu asubuhi ya leo. Naomba uji huo nipitishie hapa."

"Anakohoa damu?"

"Tangu juzi."

"Basi mwinue kwa mito. Usimlaze chali. Maji yawe ya moto, mgongo kwanza, kifua mwisho." Shangazi alipitisha chupa dirishani. "Na umwimbie. Anapenda kuimbiwa akioga."

Uani kulikuwa na mjukuu wa Bi Atuganile, mtoto mwenye mapengo, akiruka kamba. Kifundoni alikuwa na shanga mbili, wake na mwingine. Kwa hiyo, kwa mujibu wa mji wa Lugombo, Bi Atuganile aliyekuwa ndani akikohoa damu alikuwa mzima wa afya na anaruka kamba.

"Bibi yako ana mazoezi kweli," Tusekile alimtania mtoto, na mtoto akaficha mkono mgongoni kama alivyofundishwa.

Kila mtu alijua. Homa ya ukungu iliposhika mwili, ushanga ulipiga kelele Kituoni, na saa hiyohiyo nyumba ilifungwa kutoka nje. Mgonjwa aliachiwa mashine ya kumtundikia dripu, isiyojua kushika mkono wa mtu, ila awepo wa kujitolea kufungiwa naye na ugonjwa wake. Familia ilinyang'anywa ngazi yake ya chai, lile shamba la mteremkoni lililowalisha, wakapewa wengine. Sasa Mnyakyusa gani atakubali mama yake afe hajaogeshwa na mikono ya mtu? Basi kikohozi cha kwanza kikisikika, uzi wa ushanga ulilegezwa kwa sabuni ya kipande na uvumilivu mwingi, ukahamishiwa kwenye mkono wa mwenye afya kuliko wote pale nyumbani. Kisha ndipo Shangazi Subilaga alipoitwa. Hivyo ndivyo walivyoishi. Mji mzima ulimdanganya Mmbea kwa sauti moja, bila kikao hata kimoja.

Tusekile alikuwa msomaji msaidizi Kituoni, mkate wake ulitoka kwa Mmbea huyohuyo. Alimsindikiza Shangazi mpaka njiani, akageuza.

"Narudi sasa hivi," alisema. "Nakwenda kumuuliza Lwitiko kama mashine yake imekunywa ulanzi."

*

Lwitiko Mwasandube alikuwa Msomaji Mkuu, lakini kwa Tusekile alikuwa bado yule wa dawati la nyuma. Sekondari walikaa pamoja miaka yote. Kidato cha tatu alimwandikia Tusekile barua ya mapenzi. Tusekile akaisahihisha kwa wino mwekundu, akampa kumi na tatu kwa ishirini, akamrudishia. Urafiki wao ulianzia hapo, na ulikuwa imara kuliko ndoa nyingi za pale mjini.

"Tuse," alisema Lwitiko. "Nilijua utakuja."

"Ungejua ungechemsha chai. Mlango umemfukuza shangazi yangu."

Lwitiko hakutabasamu. Aligusa meza, na ukutani pakajaa nukta ndogo za manjano.

"Tazama mwenyewe."

Tusekile alitazama. Ndiye aliyekuwa akiwafundisha wasomaji wapya, na alikuwa na njia yake. Namba ya mfungamano ikiwa sifuri, aliwaambia, vitu viwili hivyo, vigeu kwa lugha ya Kituo, havijuani hata kwa salamu. Ikiwa moja, ni pacha: mmoja akila mwingine anacheua. Ikiwa hasi moja, ni wake wenza: huyu akiingia yule anatoka. Na Baraza la mji lilikuwa na sheria yake: chochote kinachofungamana na vifo kwa tisa ya kumi, yaani sifuri nukta tisa, au zaidi, kinaondolewa. Mwaka juzi kiliondolewa kisima. Mwaka jana, kiwanda cha sabuni. Mtu alikuwa hajaondolewa bado.

Nukta zilikuwa zimejipanga mstari, kama watoto wa chekechea wanaopelekwa chooni.

"Kigeu cha kwanza," alisema Lwitiko, "Subilaga kuingia nyumba. Kigeu cha pili, homa kutangazwa au mtu kufa ndani ya nyumba hiyo. Sifuri nukta tisa moja."

"Miavuli ikifunguliwa Lugombo matope yanazidi," alisema Tusekile. "Tupige marufuku miavuli?"

"Hapo kuna mvua. Mvua ndiyo inayoleta vyote viwili."

"Ahaa! Ndiyo kusema unakumbuka somo. Basi na hapa tafuta mvua yako."

"Niambie ni ipi."

"Ugonjwa, Lwitiko! Watu wanaumwa, ndipo Shangazi anaitwa. Watu wanaumwa, ndipo wanakufa. Yeye ni mwavuli."

"Mmbea anasema hawakuwa wagonjwa." Lwitiko alisogeza kidole, namba zikapita. "Joto la kawaida. Usingizi mzuri. Huyu mzee wa miaka sabini alicheza mpira siku mbili kabla ya kufa. Wazima, wazima, wazima, Subilaga anaingia, wamekufa. Wewe ungekuwa Mmbea ungesema nini?"

Tusekile alifunga mlango wa chumba. Akavuta kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akasema kwa sauti ya chini lile ambalo mji mzima ulilijua na ambalo hapo ndani halikuwa limewahi kusemwa. Alimwambia habari za sabuni. Alimwambia na namna ya kulithibitisha, maana alikwisha kuliwaza zamani kwa utundu tu: chukua mapigo ya shanga mbili za nyumba moja, uyalinganishe pigo kwa pigo. Mioyo miwili haiendi sawasawa, hata ya pacha. Ukikuta moja kamili, basi huo ni moyo mmoja umevaa shanga mbili.

Lwitiko alisikiliza bila kupepesa.

"Na uzi ule si mchezo," alisema. "Nani anaweza kuufungua?"

"Nani tena? Shangazi. Ana mikono ya kukanda, we acha. Wengine huchubuana mpaka damu, yeye huutoa kama unavyomvua mtoto soksi." Tusekile alisema hivyo kwa majigambo, kama mtu anayemsifia mpishi wa ukoo. "Nyumba nyingi humwita kwanza kwa hilo."

"Nyumba nyingi," Lwitiko alirudia.

"Sasa utafanyaje?"

Lwitiko alisimama, akachemsha chai. Alimtilia sukari mbili na tangawizi, kama anavyoipenda.

"Niachie mimi, Tuse. Kesho barazani nitalisema, bila kutaja nyumba ya mtu. Wewe usihangaike."

Tusekile akanywa chai ile mpaka chini. Njiani kurudi nyumbani alipiga mluzi.

*

Shangazi alikuwa barazani kwake akimenya ndizi. Alipomaliza kusikiliza, aliweka kisu chini.

"Umeyasema ya watu."

"Sikutaja nyumba hata moja."

"Mwanangu, mimi nimewaogesha watu hawa. Nimewaona walivyo. Mtu akishakuonyesha mbavu zake humvui nguo barazani, hata kama kukaa kimya kutakuponza wewe."

"Lwitiko ataficha majina. Huyu ni Lwitiko, Shangazi, si mtu baki."

Shangazi alifikiri, uso ukalegea.

"Kweli, Lwitiko ni mtoto mwema. Mama yake alipougua mimi ndiye niliyemfungulia uzi. Lwitiko alitaka auvae yeye mwenyewe ule ushanga. Akauvaa mpaka siku mama alipofariki, anakwenda nao kazini, anakaa nao mbele ya hiyo mashine yenu. Jioni anarudi kushika beseni, mimi namwaga maji." Akaokota kisu. "Atasema. Anajua."

Tusekile hakuwa amelijua hilo. Alifurahi mno. Shahidi hakuwa tena mtu anayeamini tu, alikuwa mtu aliyeshika beseni.

*

Ukumbi wa Baraza ulijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti Ambakisye, mzee wa koti zito aliyependa kugonga meza kuliko kusikiliza, aligonga meza. Shangazi aliwekwa kwenye kiti peke yake mbele, beseni lake pembeni, maana alikataa kuliacha. Mzee Anyitike, baba yake Tusekile na kaka wa Shangazi, alikaa safu ya pili, amejifunika skafu mpaka puani, kitambaa mkononi.

Lwitiko alisimama. Alisoma namba. Ukumbi ukaguna.

Tusekile alimkonyeza kutoka upande wa pili, kumtia moyo.

"Pengine mtaniuliza," aliendelea Lwitiko, "kama hakuna kigeu kilichofichika. Nami nilijiuliza. Jana nikapata habari kutoka kwa mtu wa karibu kabisa na Subilaga, mtu wa damu yake." Hakumtazama Tusekile. "Habari hiyo inasema marehemu hawa hawakuwa wamevaa shanga zao. Zilikuwa zimefunguliwa."

Mama mmoja alimshika mwanawe mkono na kuufunika kwa kanga.

"Na aliyezifungua ni mmoja. Ni mikono ileile, nyumba baada ya nyumba. Ninyi mlimkaribisha mkiwa na uchungu, hamkujua mlifanyalo, na Kituo hakina neno na ninyi. Lakini mtu anayeanza kwa kuizima taa ndipo aingie, mimi sihitaji namba kuniambia anaingia kufanya nini."

Mwanzoni Tusekile alidhani ni utani. Alingoja ile sehemu ya kuchekesha. Kisha akaona jinsi ukumbi ulivyopumua, pumzi moja ndefu ya watu wote waliodhani wamekamatwa na kumbe wamesamehewa. Na hapo akaelewa. Msomaji Mkuu aliyemdanganya Mmbea kwa mkono wake mwenyewe hakuwa na njia ya kubaki kwenye kiti kile, isipokuwa mkono uwe wa mtu mwingine.

"Ni kweli," alisema mwanamume mmoja akisimama. "Alitufungulia yeye. Sisi hata hatukuomba."

"Na kwetu pia. Alisema ni dawa."

"Mimi nilishangaa, nikanyamaza."

Wakasimama mmoja mmoja. Tusekile alizijua nyumba zote. Katika nyingine alibeba ndoo yeye mwenyewe, akala na makande ya matanga. Hata Ikupa alisimama, akafungua mdomo, akakaa bila kusema kitu. Huyo ndiye aliyekuwa bora kuliko wote.

"Uongo!" Tusekile alipiga kelele. "Lwitiko, si wewe uliye..."

"Binti, kaa chini!" Meza ikagongwa.

"Baba!" Akamgeukia Mzee Anyitike. "Baba, huyu ni dada yako. Sema!"

Mzee Anyitike alibana kitambaa mdomoni. Mabega yalitikisika kidogo. Akatazama sakafu, na hakusema.

Mwenyekiti alimuuliza Shangazi kama ana la kujibu. Shangazi alimtazama Lwitiko muda mrefu, bila ukali.

"Mama yako," alisema, "maji ya vuguvugu hakuyapenda. Alitaka ya moto kabisa. Sijui kama unakumbuka."

Lwitiko alipanga karatasi zake ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Ikaamuliwa kwamba Subilaga Mwaipopo ataondoka kesho adhuhuri kwa gari la chai, na lango la Lugombo halitamfungukia tena.

*

Asubuhi, Mzee Anyitike alimwita binti yake chumbani. Skafu ilikuwa imeondoka. Kitandani palikuwa na bakuli la maji na kipande cha sabuni, na kifundo chake cha mkono kilikuwa kimechubuka vibaya, damu imegandia kwenye vinyweleo. Juu ya kiganja kulikuwa na ushanga.

"Shikamoo, baba," alisema Tusekile.

"Marahaba. Lete mkono."

Tusekile alielewa kabla hajaambiwa. Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Tangu lini?"

"Juzi usiku kikohozi kilianza kidogo. Jana kikapanda, joto ndilo linakuja sasa." Akakohoa, kikohozi kirefu chenye maji ndani yake. "Ningesimama pale barazani wangekisikia. Sikunyamaza kwa chuki, mama. Nilikuwa nimekibana."

"Ulimwachia dada yako abebe."

"Ndiyo." Mzee hakujitetea. "Nyumba ikifungwa wewe utakwenda wapi? Ngazi ya chai ikichukuliwa utakula nini? Yeye ameshaondolewa, Tusekile. Sisi bado tupo. Lete mkono."

Tusekile alitazama ule mchubuko. Shangazi asingemchubua. Shangazi angeutoa uzi kama soksi ya mtoto. Lakini Shangazi hakuwa amekanyaga nyumba hii tangu kikohozi kianze. Juzi asubuhi milango yote ilikuwa imekwisha kumkataa, na homa ya baba ilianza usiku wake. Uzi ulifunguliwa na baba mwenyewe, kwa sabuni yake mwenyewe.

Akili yake ya Kituoni iliamka, ingawa hakuiamsha. Mmbea alihesabu vifo na homa zilizotangazwa. Lakini homa hazikutangazwa Lugombo, miaka mingi sasa, hata moja. Kwa hiyo mashine ilikuwa haijawahi kuonyeshwa jambo dogo kuliko yote: mgonjwa ambaye Shangazi hajamgusa. Nukta moja tu nje ya ule mstari wa chekechea. Tisa moja ikishuka kidogo tu, ikapita chini ya tisa ya kumi, sheria hairuhusu kumwondoa mtu. Hata kugusa majina ya nyumba nyingine hakukuwa na haja. Angehitaji nyumba moja tu.

Ilikuwa hii.

"Baba," alisema polepole. "Kama homa yako ikitangazwa, Shangazi anarudi."

Mzee Anyitike alimtazama. Alikuwa mtu wa chai na mvua, hakusoma habari za vigeu, lakini alimsoma mwanawe.

"Na mimi nafungiwa humu na mashine."

"Nitafungiwa nawe. Sheria inaruhusu anayejitolea."

"Sitaki kufia ndani ya nyumba iliyotangazwa kama ng'ombe mwenye ugonjwa. Mama yako tulimzika kwa heshima, na ushanga wake uliuvaa wewe, ulikuwa mdogo huelewi." Akakohoa tena. Akashika mkono wa binti yake kwa mikono miwili. "Nakuomba. Si kwa amri. Nakuomba."

Tusekile alifumba macho. Alitafuta utani, hata mbovu, wa kuitikia. Haukuja.

"Haya, baba," alisema. "Funga."

Mzee alifunga uzi kwa uangalifu, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, ndaga fijo," akalala. Tusekile alimwinua kwa mito, asilale chali. Kisha akatoka, akakimbia.

*

Gari la chai lilikuwa limewashwa langoni. Shangazi alikuwa juu ya magunia, beseni mapajani. Mwenyekiti Ambakisye alisimama chini na watu wake, na Lwitiko kando, ameshika kibao cha kioo kinachozungumza na Mmbea.

Tusekile hakuongea na mtu. Alinyoosha mkono, akaukandamiza juu ya kioo cha Lwitiko, shanga mbili kwa pamoja.

Kioo kilitafakari. Kisha kikaonyesha mistari miwili ya mapigo, mmoja mweupe, mmoja wa manjano, ikipanda na kushuka pamoja mpaka ukaonekana mstari mmoja. Juu yake namba: moja.

"Nini hiki?" aliuliza Mwenyekiti.

"Moyo mmoja, shanga mbili. Wa pili ni wa Anyitike Mwaipopo, baba yangu. Ana homa ya ukungu tangu juzi usiku. Naitangaza." Sauti ilikuwa yake lakini aliisikia kwa mbali. "Muulizeni Mmbea Shangazi alikuwa wapi tangu juzi. Muulizeni kama aliusogelea mlango wetu."

Lwitiko alikuwa amepauka. Alijua jibu bila kuuliza, na alijua namba itakavyokwenda.

"Tuse," alinong'ona. "Unajua unamfanyia nini baba yako?"

"Andika."

"Tuse, sikiliza, mimi sikuwa na..."

"Barua yako nilikupa kumi na tatu," alisema Tusekile. "Ilikuwa na makosa mengi, lakini ilikuwa yako. Andika homa, Lwitiko."

Mwenyekiti akainama kutazama. Lwitiko aliandika. Nukta moja ikatokea, mbali na nukta nyingine, peke yake pembeni mwa kioo. Namba ya Subilaga ikacheza, ikashuka, ikatulia: sifuri nukta nane tisa.

Hakuna aliyeshangilia. Mwenyekiti aliitazama namba ile kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu, lakini sheria ilikuwa yake, aliipitisha yeye. Akapunga mkono, dereva akazima gari.

Watu waliokuja kushuhudia walianza kuondoka. Waliokuwa wakimtazama Tusekile hawakumtazama kwa chuki. Walimtazama mkononi, kisha wakajishika mikono yao.

*

Shangazi alishuka kutoka juu ya magunia bila kusaidiwa. Tusekile alingoja kukumbatiwa. Hakukumbatiwa.

"Amefungwa nani? Injini ilinizuia kusikia."

"Baba."

Shangazi alimshika kifundo, akazitazama shanga mbili.

"Alikutuma?"

Tusekile alitikisa kichwa kukataa.

"Alikuomba usiseme."

Tusekile aliinamisha kichwa, na hilo lilitosha. Shangazi alipandisha beseni kwapani.

"Maji ya moto yapo?" aliuliza, akatangulia kutembea.

Walipofika, taa nyekundu ilikuwa tayari inawaka juu ya mlango wa Mzee Anyitike. Tusekile alikimbia kwa Ikupa, ambaye alimjazia ndoo bila neno na bila kumtazama usoni, akarudi nayo inamwagika. Shangazi alikuwa amesimama mbele ya mlango.

"Karibu, Subilaga Mwaipopo," ulisema mlango kwa sauti yake ileile tamu. "Ukiingia hutatoka mpaka nyumba ifunguliwe. Unakubali?"

"Fungua, nimechoka kusimama."

Mlango ukafunguka. Kutoka ndani kilisikika kikohozi, kisha sauti ya baba, dhaifu, ikiuliza ni nani, na sauti ya Shangazi ikijibu, "Ni mimi, kaka, nyanyua mgongo." Mlango ukajifunga.

Tusekile alisogea na ndoo yake. "Na mimi nakubali," alisema kabla hajaulizwa.

Mlango ulimtazama. Ukafikiri kidogo.

"Samahani, Tusekile Mwaipopo. Hapa hukaribishwi."

"Umekosea. Mimi naishi humu. Nimekubali kufungiwa, sheria inaruhusu. Waulize Kituo."

"Si agizo la Kituo," ulisema mlango, na sauti haikubadilika hata kidogo. "Ni la mwenye nyumba."

Tusekile alisimama. Mvuke wa ndoo ulimpanda usoni. Alijaribu kucheka, kwa mazoea, kikatoka kitu ambacho hata yeye hakukitambua. Akaweka ndoo kizingitini, akarudi nyuma hatua chache, mpaka pale ambapo mlango ungemhesabu kuwa mpita njia.

Mlango ukafunguka upana wa kiganja. Mkono wa Shangazi ukatoka, ukashika ndoo, ukaivuta ndani. Pakafungwa. Baada ya muda maji yakasikika yakimwagwa, taratibu, mgongo kwanza. Shangazi akaanza kuimba.

Kifundoni mwa Tusekile shanga mbili zilimetameta kwa pamoja, ule wake na ule wa baba, pigo kwa pigo.